Chalti Ka Naam Gaadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha la ndugu watatu

Kila ninapomshauri mtu alitazame picha hili la mwaka 1958, maswali yanarudi yale yale: ya binamu, ya jirani, ya vijana wanaomjua muigizaji Kajol lakini hawajawahi kumsikia Ashok Kumar. Nimeyaweka pamoja hapa ili nipunguze kurudia. Yanaanza na ya msingi. Swali la 17 linafichua mwisho wa hadithi, kwa hiyo kama hupendi kusimuliwa mwisho, liruke.

## Mambo ya mwanzo

1. Ni picha gani hili, na linahusu nini?

Ni vichekesho vya Kihindi vilivyotengenezwa Bombay chini ya mwongozaji Satyen Bose. Ndugu watatu wana gereji. Mkubwa, Brijmohan, aliwahi kuwa bondia. Ujanani alipenda mwanamke, akaamini amesalitiwa, na tangu siku hiyo hataki kuona mwanamke, hata yule wa kwenye picha ya ukutani. Wadogo zake wawili, Jagmohan anayeitwa Jaggu na Manmohan anayeitwa Mannu, wanaishi chini ya sheria hiyo: kuoa marufuku. Usiku mmoja wa mvua kubwa Mannu yuko zamu, na mteja anayeingia ni msichana ambaye gari lake limezimika. Sheria ya kaka inaanza kuvuja kuanzia hapo.

Mapenzi yamo, majambazi wamo, ngumi zimo. Lakini vyote hivyo ni kamba tu ya kuanikia. Nguo zenyewe ni utani wa watu watatu waliozoeana tangu utotoni.

2. Ni kweli hawa watatu ni ndugu wa tumbo moja?

Kweli kabisa. Ashok Kumar ndiye Brijmohan, Anoop Kumar ndiye Jaggu, Kishore Kumar ndiye Mannu, na katika maisha yao walipangana hivyo hivyo: Ashok alizaliwa 1911, Anoop 1926, Kishore 1929. Ashok alimzidi kitinda mimba kwa takriban miaka 18, kiasi kwamba Kishore alipokuwa bado mtoto anacheza uani, kaka yake alikuwa tayari ana jina kwenye sinema.

Pengo hilo linaonekana kwenye skrini, na ndiyo maana mimi huwaambia watu wasiitazame hadithi kwanza, wawatazame watu. Kaka mkubwa akifoka, angalia nyuso za wadogo. Wananywea, wanainamisha vichwa, halafu mmoja anamtupia mwenzake jicho la pembeni. Mwenye kaka mkubwa anaijua hofu ile: nusu ni heshima, nusu ni kusubiri ageuke ili mcheke. Unaweza kuwakodi waigizaji watatu hodari wakaigiza undugu, lakini ule wepesi wa kudakiana maneno, mmoja kuanza sentensi na mwingine kuimalizia bila kuangaliana, ni vigumu kuununua.

3. Jina lina maana gani?

"Chalti" ni inayotembea, "naam" ni jina, na "gaadi" ni gari. Kwa Kiswahili chetu ningesema: linalotembea ndilo gari. Ndivyo anavyojitetea kila mwenye mkweche, na ndugu hawa wana mkweche wa kutosha, Chevrolet ya zamani isiyo na paa ambayo ni kama mhusika wa nne.

Kuna raha nyingine kwa msomaji wa Kiswahili. Neno letu "gari" tumelipata kutoka huko huko, kwa "gaadi". Herufi ile ya katikati kwa Kihindi hutamkwa kwa kukunja ulimi, sauti iliyo baina ya "d" na "r", na sisi tulisikia "r". Basi ukitamka jina la picha hili tayari umeshaongea Kihindi kidogo bila kufundishwa.

4. Lazima nijue Kihindi?

Hapana. Vichekesho vyake vingi ni vya mwili: Kishore anavyotembea, anavyoanguka, anavyozungusha macho. Kizazi kizima cha pwani kililia na kucheka na picha za Kihindi bila kuelewa hata sentensi moja nzima, na hakuna aliyetoka ukumbini akilalamika.

Hata hivyo utashtuka ni maneno mangapi unayaokota. Kwenye wimbo wa ndugu watatu garini, "Babu Samjho Ishare", neno "ishare" ni ishara, na honi ni honi. Angalia tu "babu" usikupoteze: si mzee wa familia, ni "bwana" au "mheshimiwa", yule anayezubaa katikati ya barabara anayepigiwa honi apishe. Kwenye "Haal Kaisa Hai Janab Ka", "haal" ni hali, na "janab" ndiye yule yule wa barua za zamani za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwimbaji anauliza: hali gani, mheshimiwa? Kiarabu na Kiajemi vililisha lugha zote mbili, na bahari ikamalizia kazi.

Kopi zenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha zipo. Zitumie kwa mazungumzo. Kwenye nyimbo yaachilie mbali, maana tafsiri ya utani wa Kishore ni sawa na kueleza kwa maandishi jinsi mtu alivyoteleza kwenye ganda la ndizi.

## Kulitazama

5. Nimeona linakaribia masaa matatu. Nitavumilia?

Ni takriban dakika 170. Picha za Kihindi za enzi hizo zilijengwa na mapumziko katikati, watu watoke wakanunue karanga, kwa hiyo usilione kama mzigo wa kubebwa kwa pumzi moja. Gawa mara mbili. Nusu ya kwanza ni bora zaidi na wala haichoshi. Nusu ya pili ina mahali inapolegea, na nimeeleza kwenye swali la 16.

Usifanye kosa la kuruka nyimbo ili kuokoa muda. Kwenye picha nyingine wimbo ni mapumziko ya hadithi, ila humu sehemu kubwa ya vichekesho imo ndani ya nyimbo. Ukiziruka utabaki na majambazi na milango inayofungwa.

6. Halina rangi. Watoto wa leo watakaa?

Wanangu walinung'unika dakika kumi za mwanzo, wakanyamaza wimbo wa honi ulipoanza. Damu ya kutisha haimo, wala jambo la kukufanya ukimbilie rimoti mbele ya mkwe. Mtoto wa miaka minane na kuendelea anaweza kulifuata akiwa na mkubwa wa kumwambia nani ni nani. Mdogo zaidi ya hapo atafurahia mkweche na kulala.

7. Nina dakika kumi tu. Nitazame kipande gani nijue kama litanifaa?

Usiku wa mvua, mapema katika hadithi. Tafuta kwa jina la wimbo: "Ek Ladki Bheegi Bhaagi Si".

Hali ni hii. Gereji iko kimya, saa za watu kulala, nje mvua inamwagika. Mannu amebaki zamu peke yake na usingizi umemchukua. Anaingia Renu, ambaye ni Madhubala, sari imelowa, nywele zinachuruzika, na ana hasira za mtu tajiri ambaye gari lake limemuaibisha njiani. Mannu anaamka kwa shingo upande. Ni mteja wa usiku wa manane, na isitoshe ni mwanamke, kiumbe ambaye kwa sheria za nyumba ile haruhusiwi hata kuning'inizwa ukutani.

Anaanza kazi, na kazi inageuka wimbo. Anaimba akiwa na vifaa mkononi, anazunguka gari, anagongagonga vyuma, na mlio huo ndio ngoma yenyewe. Maneno yake kwa ufupi: msichana amelowa chapachapa, amekesha wakati usiku umelala, amekutana na mtu asiyemjua, hana wa mbele wala wa nyuma, sasa wewe mwenyewe niambie, hili nalo ni jambo gani? Si sifa za uzuri kama nyimbo za mapenzi zilivyozoea. Ni fundi anashangaa mkasa uliomkuta kazini.

Mwangalie Madhubala asiyesema kitu. Anaanza amenuna, anakamua maji kwenye sari na kujifanya haoni. Halafu pembe ya mdomo inamtoroka. Anaurudisha uso, unamtoroka tena. Mpaka wimbo unakwisha, Kishore ameimba dakika kadhaa na yeye hajatoa neno, lakini mazungumzo yamefanyika na pande zote mbili.

Kipande hiki kisipokugusa, picha lenyewe liache. Hakuna ugomvi.

8. Mjomba wangu fundi anasema ile siyo namna ya kutengeneza gari. Ni kweli?

Mpe haki yake, ni kweli. Hata wangu alisema hivyo, akaongeza kuwa gereji ile ni safi mno. Kisha akaomba wimbo urudishwe.

## Ile rupia tano

9. Kwa nini wanazungumzia sana rupia tano na ana kumi na mbili?

Kwa sababu ndilo deni linaloisukuma hadithi nzima. Gari la Renu linapona, anaondoka, na kwa haraka zake anasahau kulipa. Bili ni rupia 5 na ana 12. Mannu anaanza kumtafuta mjini ili adai fedha yake. Sisi tunajua amependa, msichana anaanza kujua, yeye mwenyewe anaendelea kusema amefuata hela ya kazi.

Kuna wimbo mzima juu ya jambo hili, na kwangu ndio mchekesho bora kuliko yote ndani ya picha. Madhubala anaimba kwa sauti ya Asha Bhosle kwamba yeye ni wimbo wa nyota, yeye ni hadithi ya majira ya maua, na kila akimaliza ubeti wenye urembo wa kulewesha, Kishore anajibu na kile kile: rupia tano, ana kumi na mbili. Anayedai kodi mbele ya malaika, ndivyo alivyo.

Husimuliwa kwamba Kishore aliitoa hesabu hiyo kwenye maisha yake. Alipokuwa mwanafunzi wa Christian College, mjini Indore, inasemekana alikuwa na deni la kantini la kiasi hicho hicho, na mwenye kantini akimdai alikuwa anamwimbia.

10. Ana ni nini?

Ni sehemu ya kumi na sita ya rupia ya zamani. Ana 12 ni robo tatu, kwa hiyo deni ni rupia tano na robo tatu. India iliingia mfumo wa senti mia mwezi Aprili 1957, mwaka mmoja kabla ya picha hili kutoka, kwa hiyo hata watazamaji wa kwanza walikuwa wanasikia hesabu iliyokwisha kuanza kuwa ya kizamani. Mdomoni iliendelea kuishi, kama fedha za zamani zinavyofanya.

Hesabu hii si ngeni kwetu. Rupia ilitumika Afrika Mashariki kabla ya shilingi kuanza mwaka 1921, na Zanzibar iliendelea nayo mpaka katikati ya miaka ya 1930. Neno "pesa" nalo tulilitoa kwa "paisa", vipande vidogo vya rupia hiyo hiyo.

## Nyimbo

11. Nani anaimba kweli na nani anafungua mdomo tu?

Kishore anajiimbia mwenyewe, na hilo ndilo linalomtofautisha. Waigizaji wengi wa Kihindi huimbiwa na watu walioko studio. Yeye alikuwa muigizaji na mwimbaji kwa pamoja, na baadaye uimbaji ukameza uigizaji, hasa baada ya nyimbo zake za picha la Aradhana mwaka 1969, akawa sauti ya masteringi wengine kwa miaka karibu ishirini. Alishinda tuzo ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kiume mara nane.

Madhubala anaimbiwa na Asha Bhosle. Kwenye wimbo wa honi Kishore anasaidiwa na Manna Dey. Muziki wote ni wa S. D. Burman na mashairi ni ya Majrooh Sultanpuri, mshairi aliyeheshimika kwa ghazali, ambaye humu alikubali kuandika juu ya bili ya gereji. Namheshimu zaidi kwa hilo.

Kuna pia dansi ya Cuckoo na Helen, wacheza wawili wa vizazi viwili kwenye jukwaa moja. Haina uhusiano mkubwa na hadithi. Usiiruke.

12. Nasikia wimbo wa mvua uliibwa Marekani. Ni kweli?

Msingi wake umeazimwa kutoka "Sixteen Tons", wimbo wa wachimba makaa ya mawe ulioandikwa na Merle Travis na uliovuma sana ulipoimbwa na Tennessee Ernie Ford mwaka 1955. Usikilize halafu rudi kwenye gereji: ule mwendo mzito wa kushuka hatua kwa hatua ni ule ule.

Kama ni wizi, amua mwenyewe. Burman alichukua mwendo wa mtu anayelalamikia deni la kazi ngumu, akampa fundi wa gereji usiku wa mvua, ambaye dakika chache baadaye naye atakuwa anadai. Sijui kama aliwaza mbali hivyo. Ila ubeti wa kati unapoondoka kwenye mwendo huo na kuelekea kwingine kabisa, hapo ni yeye mwenyewe.

## Familia

13. Mbona wanaitwa Kumar na kwao ni Ganguly?

Ganguly ndilo jina la ukoo wao, ni Wabengali, ingawa walikulia Khandwa katikati ya India ambako baba yao alikuwa mwanasheria. Ashok alizaliwa Kumudlal Ganguly. Alikuwa anafanya kazi maabara ya kusafishia filamu ya Bombay Talkies alipoingizwa mbele ya kamera mwaka 1936, akapewa jina la kisanii, na wadogo zake walipomfuata wakalibeba "Kumar" lake. Kishore jina lake la nyumbani ni Abhas, Anoop ni Kalyan.

Ashok alikuja kuitwa Dadamoni na India nzima. Usicheke bado: kwa Kibengali "dada" ni kaka mkubwa, na "moni" ni johari. Kwa hiyo "Dada" unayemsikia akiitwa kwenye mahojiano ya zamani ni mwanamume mwenye sigara.

14. Kishore na Madhubala walioana kweli?

Ndiyo, mwaka 1960, miaka miwili baada ya picha hili. Madhubala, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mumtaz Jehan Begum Dehlavi, alikuwa na tundu kwenye moyo tangu kuzaliwa, enzi ambazo upasuaji wa aina hiyo ulikuwa bado mchanga. Afya ilizidi kudhoofika na alifariki Februari 1969, akiwa na miaka 36.

Ukishajua hilo ni vigumu kuitazama ile mvua kwa macho yale yale. Ndiyo maana nashauri mtu alione picha kwanza, asome habari zake baadaye. Wewe umeshachelewa, pole.

15. Na Kajol anahusianaje nao? Na yule wa katikati, Anoop, mbona hatumsikii?

Kajol kwanza. Ndugu hawa walikuwa na dada, Sati Devi, aliyeolewa na mtayarishaji filamu Sashadhar Mukherjee. Mmoja wa watoto wao, Shomu, alimwoa muigizaji Tanuja, na Kajol ni binti yao. Kwa lugha ya nyumbani: bibi mzaa baba wa Kajol ni dada yake Ashok na Kishore. Mwongozaji Ayan Mukerji naye ni mjukuu wa Sati Devi. Ni ukoo ambao ukivuta uzi mmoja unakuja na pazia lote.

Anoop alikuwa na bahati mbaya ya kusimama kati ya milima miwili. Juu yake alikuwa steringi mkongwe aliyezijaza kumbi za Calcutta kwa picha la Kismet mwaka 1943, chini yake kitinda mimba mwenye vituko vya kumeza jukwaa. Humu ndimo anapopumua. Jaggu ni mwoga, mpole, anababaika mbele ya wasichana, na Anoop anayafanya hayo kwa utulivu ambao hauombi kuangaliwa. Mara ya kwanza utamtazama Kishore, kila mtu anamtazama Kishore. Mara ya pili mfuate Anoop, uone anavyopokea pasi zote na kuzirudisha bila kelele.

## Maswali magumu kidogo

16. Mbona katikati linageuka picha la majambazi?

Kwa sababu lilitengenezwa mwaka 1958 na mtazamaji alilipia tiketi ya kila kitu. Anaingia Raja Hardayal Singh, anayeigizwa na K. N. Singh, adui wa kudumu wa picha za enzi hizo, mtu wa sauti ya chini na nyusi zinazofanya kazi ya bastola. Anataka mdogo wake amwoe Renu kwa ajili ya mali. Hapo wanaanza watu kufungiwa vyumbani na kufuatana gizani.

Sitakudanganya, kuna kama dakika ishirini zinazokokota. Nenda kachemshe chai, ila acha sauti juu, maana ndugu wakirudi pamoja kwenye fremu moja utataka kukimbia urudi.

17. (Linafichua mwisho.) Je, kaka mkubwa alisalitiwa kweli?

Hapana, na jibu lilikuwa limefungiwa ndani ya nyumba ya adui. Kamini, mwanamke aliyemvunja moyo, alitiwa mkononi na Hardayal Singh kwa ajili ya mali na kuwekwa kizuizini. Miaka yote ambayo Brijmohan amekuwa akiwafukuza wanawake gerejini, aliyemtendea ubaya alikuwa mwanamume. Mwisho ndugu wanaingia kwa ngumi, na ubondia uliotajwa mwanzoni unalipa.

Kinachonigusa ni uso wa Ashok anapomwona Kamini. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, anatumia picha nzima akifoka kama kengele, na pale ghafla hana cha kufoka. Anafanya kidogo sana. Ashok alikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenye sinema ya Kihindi kuacha maigizo ya jukwaani na kuongea kama mtu anavyoongea, na ukitaka kuona walikuwa wanamsifia nini, tazama sekunde zile.

18. Mannu anamfuata msichana mpaka kwao na kuingia usiku. Hilo si tabia mbaya?

Kwa mtu halisi ni tabia mbaya, na ukiwa na vijana wa kiume sebuleni waambie hivyo. Katika picha linaokolewa na mambo mawili: Mannu anaonekana mjinga wakati wote, na kila hatua ya mchezo Renu ndiye mwenye nguvu, ndiye mwenye fedha, gari, nyumba na uamuzi.

Sheria ya Brijmohan dhidi ya wanawake nayo watu huiuliza. Jibu langu ni kwamba picha linamcheka yeye tangu mwanzo, na swali la 17 linaonyesha linavyomlipisha.

19. Kopi niliyopata ina saa moja na nusu tu. Ni yenyewe?

Imekatwa. Wakataji huanza na nyimbo au hufupisha safari za Mannu kutafuta deni lake, yaani wanaondoa nyama na kuacha mfupa. Ikiwa "Hum The Woh Thi" haimo, tafuta nyingine. Jihadhari pia na zilizopakwa rangi zisizo zake au zilizovutwa kujaza skrini pana, ambamo vichwa vinakatwa. Kwenye picha ambalo ndugu watatu hubanana ndani ya fremu moja, kumkata mmoja sikio ni dhambi.

20. Nimelipenda. Nitazame nini baada yake?

Kwa Kishore na Madhubala tena, Half Ticket ya 1962, ambamo mtu mzima anajifanya mtoto ili alipe nusu nauli, na ambamo Kishore anaimba sauti ya kiume na ya kike kwenye wimbo mmoja. Kwa vichekesho vyenye muziki, Padosan ya 1968.

Kwa familia nyingine, Kal Aaj Aur Kal ya 1971 ina vizazi vitatu vya kina Kapoor, babu, baba na mwana, Prithviraj, Raj na Randhir, ingawa ina maonyo zaidi ya kicheko. Na kama unataka ya karibuni yenye rangi na kelele, Yamla Pagla Deewana ya 2011, Dharmendra na wanawe Sunny na Bobby Deol. Baba na mtoto wa pili ni matapeli wa Varanasi, mtoto wa kwanza ni muungwana kutoka Kanada aliyekuja kuwatafuta. Nusu ya utani wake ni kwa anayekumbuka ngumi za Sunny za miaka ya tisini. Ni ya kucheka ukiwa na watu wengi na sahani ya sambusa. Ukiwa peke yako, rudi gerejini.

21. Bibi yangu anasema aliliona ukumbini ujana wake. Inawezekana?

Inawezekana sana. Miaka ya hamsini na sitini kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zilionyesha picha za Kihindi kwa wingi, na wanawake walikuwa wateja wakubwa wa maonyesho hayo. Wengi wao majina ya picha yamewatoka lakini nyimbo zimebaki. Usimuulize jina. Mkalie karibu, muanzie "paanch rupaiya", kisha nyamaza. Akimalizia "baara aana", aliliona.